Luther, Broadchurch au Happy Valley: ipi isamehewe stori yake?

Zuhura
Wakuu, nimemaliza tamthilia tatu za kipolisi za Uingereza. Zote zimeigizwa kwa kiwango cha juu, na zote zina pahali unaposema, "Hapana, hili haliwezekani." Swali langu: ipi inastahili kusamehewa? Nitafichua miisho, ambaye hajatazama aishie hapa.

Mimi naiweka Happy Valley juu, Luther katikati, Broadchurch chini kwa sababu ya msimu wa 2. Msimu wa kwanza, ule wa 2013, sina neno nao. Mpelelezi Hardy anapomwambia mpelelezi mwenzake Ellie Miller kwamba aliyemuua mtoto Danny ni mume wake Ellie mwenyewe, Olivia Colman, anayemwigiza Ellie, hapigi mayowe. Anakataa kwa sauti ndogo, kichefuchefu kinampanda, anajikunja pembeni ya chumba. Nilisimamisha picha nikapumua kwanza. Ndiyo maana msimu uliofuata uliniudhi kiasi kile: mtu ametoa uigizaji wa namna hiyo, halafu waandishi wanambebesha kesi isiyosimama.

Mwanasheria
Dada Zuhura, umegusa penyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 kuhusu polisi na ushahidi inasema mtuhumiwa akikiri kwa kukandamizwa, maungamo hayo yanatupwa, na ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukandamizwa. Kanuni hiyo ni ya kweli. Lakini Joe, mume wa Ellie, alikiri kwanza, ndipo Ellie akampiga. Mahojiano ya polisi kule yanarekodiwa, na saa inatajwa yanapoanza na yanapoisha. Mwendesha mashtaka makini angemwonyesha jaji kipi kilitangulia. Katika msimu wa 2 maungamo yanatupwa mahakamani kwa sababu tu stori inataka yatupwe.

Halafu mashahidi wamekaa ndani wanasikiliza kesi kabla zamu yao haijafika! Kwa kawaida shahidi anasubiri nje hadi aitwe. Tamthilia ikishaipeleka kesi mahakamani, mahakama ndiyo uwanja wake, haiwezi kuichukulia kama pambo la ukutani.

Sele
Mnaionea Luther kuiweka katikati. Ile ilituambia mapema ni stori ya aina gani. Sehemu ya kwanza kabisa (2010) inaanza na mpelelezi Luther (Idris Elba) anamwacha mtuhumiwa aning'inie juu, kisha anamwacha aanguke. Ukishalikubali hilo, umekubali mengine yote.

Na tazameni anavyomgundua muuaji Alice Morgan (Ruth Wilson). Hana alama za vidole, hana shahidi. Anapiga mwayo mbele yake na Alice haambukizwi, naye anaona huyu hana huruma. Basi! Kisheria si ushahidi wa chochote, lakini mtazame Ruth Wilson alivyotulia, macho hayapepesi, halafu Idris Elba anaegemea kiti kama mtu aliyeshapata jibu. Tuzo ya Golden Globe ya 2012 Elba aliipata kwa haki.

Nasra
Kaka Sele, mwayo nakuachia. Mimi Luther ilinipoteza kwingine. Polisi anafanya urafiki na mwanamke aliyewaua wazazi wake, na urafiki wenyewe unageuka msaada kila anapokwama. Stelingi akishakuwa na muuaji wa kumwokoa, hofu inatoka wapi? Elba anaigiza mtu aliyeelemewa, stori inamtua mzigo.

Happy Valley nayo ina la kwake. Mhalifu Tommy Lee Royce anaruka kizimba mahakamani Leeds, anatoka mbio, anabadilisha nguo na kuondoka kwa baiskeli. Sikuamini hata kidogo. Ila waandishi hawakumalizia stori kwa miujiza hiyo. Waliitumia kumfikisha Tommy jikoni kwa polisi Catherine, wakawaacha wawili hao wazungumze. Sarah Lancashire amesimama na uchovu wa sajenti anayestaafu, James Norton amekaa anavuja damu, na kati yao yupo Becky, marehemu binti wa Catherine, ambaye hatumwoni. Hata Ryan, mtoto wa Becky na Tommy, ni yuleyule: Rhys Connah alimwigiza mwaka 2014, 2016 na 2023. Kijana aliyekuwa akimtembelea baba yake gerezani kwa siri ndiye mtoto tuliyemwona mdogo. Umri wake si wa kupakwa rangi.

Zuhura
Nasra, hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika. Kisichowezekana kikifungua mlango, namfuata mwigizaji aingie. Kikija kufunga kesi, kinamnyang'anya kazi yake, maana alichokihangaikia kinaamuliwa na kitu kingine. Kwa hiyo Sele, ule mwayo nimeusamehe.

Mwanasheria
Mimi hata mlangoni nashtuka, lakini nakubali jikoni pale sikukumbuka sheria yoyote.

Sele
Sawa, Luther ibaki katikati, misimu ya mwisho sitaitetea. Ila Broadchurch msiitupe yote. Msimu wa 3 (2017) unamfuata Trish aliyebakwa, na unaanza taratibu: anapelekwa kwenye kituo maalumu, sampuli zinachukuliwa moja moja, kila hatua anaulizwa kama yuko tayari. Julie Hesmondhalgh haongei sana, anatazama mikono ya mhudumu tu. Hakuna anayekimbia, hakuna ujanja. Kwa ambaye hajaanza: tazama wa 1, nenda wa 3.