Naomba ushauri: waifai inasuasua, ila kwa waya spidi iko vizuri

Habari zenu wakuu. Niko Mikindani, Mtwara, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene kweli kweli. Tumefungiwa faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Nikichomeka laptopu kwa waya kwenye ruta napata karibu zote. Nikihamia waifai, mara napata megabiti 15, mara megabiti 2, mara video inaganda kabisa. Jioni ndiyo balaa zaidi.

Kwa hiyo mtoa huduma simlaumu, laini yake iko safi. Nahisi tatizo liko kwenye mipangilio ya ruta. Nimeingia 192.168.1.1 (ukurasa wa mipangilio ya ruta) nikakuta bendi ya gigahezi 2.4 iko "auto", yaani ruta inajichagulia chaneli (njia ya mawimbi) yenyewe, na upana wa chaneli ni megahezi 40. Programu ya kupima mawimbi kwenye simu inaonyesha majirani karibu wote wamejazana chaneli 6, na ruta yangu nayo imeng'ang'ania hapo hapo! Najua chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani, lakini kwa upana wa megahezi 20 tu. Bendi ya pili, gigahezi 5, inakimbia sebuleni; nikivuka ukuta mmoja, kwisha.

Nikishusha upana hadi 20 na kufunga chaneli 1 au 11, kutatulia? Majina ya bendi mbili niyatenganishe au niyaache pamoja? Kuna jamaa anasema ninunue kifaa cha kurudia mawimbi, ila nasikia nacho hupunguza spidi. Wenye kuta kama hizi mlifanyaje, mlivuta waya hadi chumbani?