Tupeane uzoefu: rangi na tekscha kwenye batiki za wanafunzi

Mwl wa Sanaa: Wakuu, kazi za mradi zinakaguliwa na tatizo ni lilelile: rangi tano, tekscha (michoro na mikunjo inayoonekana kwenye uso wa kitambaa) hakuna. Ukikisogelea kitambaa huoni kitu. Mnawaelekezaje vijana?

Mama Batiki: Tekscha kwanza, kopo la rangi baadaye. Kitambaa cha marekani (pamba isiyotiwa rangi) kichemshwe kwa sabuni wanga utoke, la sivyo rangi itashika kwa madoa. Kisha wakate sampuli za sentimita 20 kwa 20. Moja ifungwe kwa mipira, moja ipigwe bandi (ishonwe kwa mkono, mishono mirefu) kwa uzi wa nailoni na kuvutwa mpaka ijikunje, moja ipakwe nta na kuvunjwavunjwa. Zote ziingie beseni moja la bluu. Hapo kijana anaona bluu moja ikitoa vivuli vingi bila kuongeza rangi ya pili.

Dogo wa Chuo: Kweli kabisa. Bandi ikivutwa legelege rangi inapenya, mstari unapotea.

Mpika Rangi: Kwenye rangi kinachoponza ni haraka. Kwa mita 2: rangi ya unga kijiko 1 cha chakula, kostiki soda kijiko 1, haidro (unga wa haidrosalfaiti, unaoifanya rangi iyeyuke na kupenya) vijiko 2, maji lita 5. Korogea kwenye maji kidogo ya moto, acha dakika 10, ndipo umimine kwenye maji ya vuguvugu. Yakiwa ya moto nta yote inayeyuka. Sasa, dakika mbaya kuliko zote ni kitambaa kikitoka. Rangi ya njano ikiwa beseni inaweza kuonekana bluu au zambarau, kijana anashtuka, anaongeza rangi, anakirudisha. Asifanye hivyo! Akitandaze kivulini bila mikunjo, hewa ndiyo inayokiivisha. Akikirundika, sehemu zilizofichika zinachelewa kuiva na mabaka hayatoki tena. Haidro nayo ikiachwa wazi ikapata unyevu, nguvu imekwisha: rangi inabaki juujuu, ukisugua kwa kidole inakuja.

Fundi wa Mtaani: Kostiki kijiko 1 kwa nyeusi? Haitoshi. Weka 2.

Mpika Rangi: Nyeusi unaongeza rangi yenyewe, kostiki na haidro zinapanda nayo. Usimwambie mwanafunzi aongeze kostiki peke yake, ataungua.

Fundi wa Mtaani: Glavu ni za nini basi?

Mama Batiki: Jamani, glavu lazima, vijiko viwe vingapi. Na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, itafoka. Sufuria ya aluminiamu msitumie, inaliwa.

Karakana: Mnagombania vijiko wakati nta ndiyo inayounguza majengo. Ikianza kutoa moshi iko karibu kuwaka. Ikiwaka, mtu akimwagia maji, yanageuka mvuke papo hapo na kurusha nta yenye moto mpaka darini. Zima jiko, funika kwa mfuniko, usiisogeze sufuria. Wanafunzi wayeyushie kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji.

Dogo wa Chuo: Duh! Mfuniko ukae mkononi kabisa.

Fundi wa Mtaani: Ya kwenye maji inapoa haraka, inaganda juu ya kitambaa.

Karakana: Wapake sehemu ndogondogo, kisha wageuze. Nta iliyopenya, nyuma ya kitambaa panaonekana kama pamelowa. Pakiwa peupe, rudia upande huo.

Mama Batiki: Na nyufa zisijae kila mahali. Nta ya parafini inapasuka kirahisi, nta ya nyuki inanyumbulika. Anayetaka nyufa azidishe parafini, achovye kitambaa kwenye maji baridi, akunje upande mmoja tu. Macho yapate pa kupumzika.

Mpika Rangi: Nusu parafini, nusu nta ya nyuki inatosha.

Mama Batiki: Kwa mistari myembamba, hapana. Itabanduka ndani ya beseni.

Mwl wa Sanaa: Na daftari la kazi? Wengi wanaandika "rangi imetoka vizuri" basi.

Mama Batiki: Mrudishie. Kila sampuli ibandikwe na kipimo chake, dakika ilizokaa kwenye beseni na aina ya kitambaa. Chini yake aandike nini kimebadilika na atabadilisha nini. Zilizoharibika zibandikwe pia.

Dogo wa Chuo: Kitambaa chenye poliesta je?

Mpika Rangi: Choma uzi mmoja. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, rangi hizi hazitashika vizuri, kamrudishie muuzaji.