Wanataka kuzika hewa ukaa kijijini kwetu, niulize nini barazani?

NyanyaWaMbuzi: Niko upande wa Gilgil. Wiki iliyopita chifu alituita baraza, wakaja vijana wa kampuni na michoro yao. Watanyonya hewa ukaa kutoka angani, waichanganye na maji, waisukume chini kwenye miamba myeusi ya volkeno, na huko ati igeuke jiwe. Nikauliza, je, ikirudi juu? Kijana akacheka: "Shosho, haiwezi." Nina mbuzi 14 na kisima ninachotumia na majirani. Alhamisi wanarudi. Kicheko si jibu, nisaidieni.

FundiVisima: Mama, nimechimba visima vya mvuke Olkaria. Kijana hakudanganya, ila adabu hana. Kule Hellisheiði, Iceland, walijaribu mwaka 2012, na 2016 wataalamu wakachapisha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi ile ilikuwa jiwe ndani ya miaka miwili. Ikishayeyuka inakuwa kama soda, nzito kuliko maji matupu, basi inazama. Wewe wabane kwenye maji: tani moja ya gesi hutaka kama tani 25.

MtuWaGoma: Huku kwetu gesi hiyo inatoka ardhini yenyewe, tunaiita mazuku. Haina rangi, inanyima pumzi, inalala mabondeni alfajiri upepo ukitulia. Mbuzi anaanguka kabla ya mchungaji, maana pua yake iko chini. Lakini hiyo haikuyeyushwa majini. Kwa hiyo mama, mimi ningeogopa bomba na matangi ya juu kuliko kisima chao. Satartia, Mississippi, kule Marekani, bomba la gesi hiyo lilipasuka 2020, hata magari ya waliokimbia yakazima njiani. Uliza nani atawaamsha likipasuka usiku.

Wakili_Nakuru: Sheria ya tabianchi ya Kenya ilirekebishwa 2023: mradi wa kuuza kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii unahitaji mkataba na jamii. Wa ardhi, kama wa kupanda miti, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama. Usio wa ardhi, angalau 25. Waulize wamejiandikisha upande gani, kabla hamjatia kidole.

NyanyaWaMbuzi: Asanteni wanangu. Walitaja tani 1,000 za gesi kwa mwaka. Nimeketi na mjukuu tukapiga hesabu: ni mitungi 3,400 ya lita 20 kila siku! Kisima chetu kikitoa 200 tunashukuru Mungu. Labda wana maji yao, au yale ya mvuke, hawakusema. Nimeyaandika kwenye daftari, maji kwanza, bomba la pili. Alhamisi nakaa mstari wa mbele, na kijana aje na kikokotoo.