Mke ataka niwashe lokesheni kila nikienda baharini, mwaonaje?

MvuviLangoni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi mvuvi hapa Lamu, nina kiboti changu cha faiba na mashini ya nguvu farasi 15, natoka alfajiri narudi alasiri, siku ya samaki wengi hata magharibi yanikuta njiani. Sasa tangu mwezi uliopita mke wangu ameshika jambo moja tu, ataka kila nikitoka niwashe ile lokesheni ya WhatsApp aone nilipo. Sina la kuficha wallahi, ila nilipomwambia mwenzangu tunayevua pamoja alicheka mpaka chai ikamwagika, ati nishafungwa kamba kama punda wa mawe. Na kuna hili la pili ambalo kusema kweli ndilo laniumiza zaidi: shemeji yangu twakaa naye nyumba moja, naye mvuvi, na simu ya mke yashinda pale ukumbini kila mtu aishika. Ule mwamba wangu wa samaki tewa nimeutafuta miaka, sijamuonyesha mtu. Niwashe ama nimwambie basi? Na kule nje yafanya kazi kweli?

MamaWawili_Shela
Kaka mimi nakujibu kama mke, samahani kama nitarefusha. Mwaka jana kusi ndio yaanza kuvuma, wangu akatoka akaniambia adhuhuri niko nyumbani. Nikapika wali nikaufunika kawa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, napiga simu naambiwa mteja hapatikani kwa sasa, wali umepoa naupasha, umepoa tena. Magharibi nikashuka gatini na mtoto mgongoni nauliza kila boti inayoingia, kila mmoja aniambia atakuja tu dada, atakuja. Alikuja alfajiri avutwa na jahazi la watu, mafuta yalikuwa na maji mashini ikafa, akatia nanga usiku kucha. Sikujua nimkumbatie au nimtie kofi. Kwa hivyo huyo mwenzako anayecheka mwache acheke. Na usidhani ni wivu, mwenye wivu hakuulizi ukiwa baharini, akuuliza ukiwa nchi kavu 😂

FundiSimu_Malindi
Mimi fundi simu Malindi, simu ya mvuvi naijua kabla hajaniambia, nikiifungua tu nakuta ule ukijani kwenye tundu la chaji. Nikujibu la kama yafanya kazi. Ile lokesheni wachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, basi, zaidi ya hapo hakuna, kwa hivyo ukiiwasha saa kumi na moja alfajiri saa saba mchana imezima yenyewe na wewe bado una mshipi mkononi. Halafu simu yajua ilipo kwa setilaiti hata bila netiweki, lakini kumpelekea mkeo habari yataka netiweki na bando, ukishapita mahali mnara haufiki ile alama yabaki pale pale ilipokuona mwisho. Asiyejua ataona chombo kimesimama masaa matatu, atapiga mayowe mtaa mzima utoke. Mfundishe aangalie ile saa iliyoandikwa pale, yaonyesha habari ni ya lini. Na yala chaji sana, beba powabenki ndani ya mfuko usioingia maji, simu pia. Ikishaingia maji ya chumvi zima, usiichaji, ilete kwa fundi siku ile ile, mambo ya kuizika kwenye mchele mimi siyataki, mchele hautoi chumvi.

KijanaWatamu
Wangu alianza hivyo hivyo na baharini. Sasa ataka mpaka nikienda kunyoa. Usianze kaka.

NahodhaMzee
Sabalkheri vijana. Lokesheni si mbaya, lakini nakuuliza wewe Langoni, hiyo alama ikisimama mkeo atafanya nini? Aitazame? Sisi tulikuwa twaaga kwa maji, naenda upande wa Kiwayu, maji yakijaa narudi, na aliyebaki alikuwa ajua maji yajaa lini, hata akikuona umechelewa ajua pengine maji yametoka umekwama Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji, wangoja yarudi, hashtuki bure. Mwandikie karatasi: upande niendao, saa ya kurudi, na nambari za wenye boti wawili wa kupigiwa saa hiyo ikipita. Na awapigie jua lingalipo, asingoje isha, usiku nani atakutafuta na kusi ile ya Juni na Julai? Mwambie upande, mwamba usimwambie. Washa ukitoka, ukikaribia mwamba wako zima, ukiondoka washa, hilo la shemeji limekwisha.

Nashangaa pia mmeongea simu simu, laifu jaketi hakuna aliyeitaja. Naziona vijana wazikalia kama mito. Na ukipata pesa nunua redio ya VHF ya mkono, chaneli 16 ni ya dharura dunia nzima, haitaki bando, na atakayekusikia ni mwenye chombo kilicho karibu nawe, si mke aliye Langoni. Hata filimbi ifunge kwenye jaketi, sauti ya mtu baharini haifiki popote.

MamaWawili_Shela
Mzee hapo umenigusa. Siku ile nilikuwa na simu mkononi ina chaji imejaa na sina wa kumpigia, nambari zote za wenzake zilikuwa kwenye simu yake.

MvuviLangoni
Shukran nyote, shikamoo mzee. Narudisha habari. Karatasi nimeandika nimeibandika kwenye friji, nambari mbili, mwenye boti mmoja ni yule yule mwenzangu aliyenicheka na sasa mkewe pia ataka karatasi. VHF bado, bei nimeiona nikanyamaza, jaketi nimevaa. Lokesheni nawasha mpaka nipite Shela halafu nazima, narudi kuwasha nikiwa nageuka. Juzi mke kanitumia meseji kabla sijanyanyua nanga, "maji yaanza kutoka, usipite Mkanda", na kweli nilikuwa nimesahau. Ila shemeji naye kaniuliza jana chakula cha usiku, mbona simu yako huzima mahali pamoja kila siku?

Nitaanza kuzima mapema zaidi.