Tupeane uzoefu: corona na batoto ya masomo, mulipitaka aje?

Mama wa Katindo
Jana wangu mdogo karudi na kakaratasi ka direkta, kila mzazi alete savoni na ndoo yenye robine (bomba) juu ya hii mpox, ugonjwa ya vipele. Nilivyosoma tu, 2020 yote ikanirudilia. Ile 18 Machi usiku prezida wetu wa Congo anaongea kwa televisheni, masomo yote yanafungwa kuanzia kesho yake, wiki ine. Wiki ine gani! Wa sita primere peke njo alirudi Agosti juu ya egzameni, wengine nilishinda nao nyumbani mpaka 12 Oktoba wanakula kama nzige. Mwezi wa kumi na mbili tena wakafunga mpaka Februari. Nyinyi mulifanyaka aje? Tupeane uzoefu.

Yaya wa Himbi
Uuuh mama usinikumbushe.

Mtoto wa Birere
Sisi Goma tulikuwaka tayari, Ebola ya 2019 ilishatufundisha. Corona ilikuta ndoo ziko kwa milango na watu wanajua kuinamisha kipaji wapimwe joto. Kwetu ubaya ilikuwa Petite Barrière, mupaka wa kwenda Rwanda, kufungwa. Mama yangu alikuwa anauza nyanya ngambo kule Gisenyi, mupaka inafungwa na minervali yangu, pesa ya masomo, nayo inafungwa pale pale. Hizo ndoo hazikutusaidia kulipa prefe.

Papa Mapacha
Mimi nicheke tu. Masomo ilisema hakuna mtoto kuingia bila maski. Siku moja nimepita pale saa moja asubuhi naona mtoto anaingia, anazunguka nyuma ya darasa, anapitisha maski kwa tundu ya fensi, mwenzake anavaa anaingia, naye anaipitisha tena. Maski moja, pua za avenue nzima. Na mwenye maski alikuwa analipisha bombo, zile tamutamu! Nikauliza ni mtoto wa nani huyu mfanyabiashara, kumbe ni mmoja wa mapacha yangu.

Yaya wa Himbi
😂😂😂 huyo atakuwa ministre

Mwalimu wa Kadutu
Niongee upande wetu wa chaki hapa Bukavu. Walituambia meta moja kati ya mtoto na mtoto. Gratuité, kusoma primere bure, ilianza 2019, benchi ya watatu wanakaa watano, sasa hiyo meta moja niitoe wapi, niwakalishe juu ya paa? Tuligawanya darasa, wengine asubuhi wengine mchana, mwalimu ni yule yule na mshahara ni ule ule. Redio ilikuwa na masomo, Okapi École, mazuri kabisa, lakini mjue redio ya nyumba ni ya baba na baba anataka habari.

Mkubwa wa Majengo
Corona ilikuwa ya Kinshasa na ya wazungu. Huku hatukuiona.

Binti Nguba
Wewe hukuiona. Sisi tulimzika papa. Tafadhali.

Mkubwa wa Majengo
Pole dada. Sikujua.

Mama Ndosho
Sijaandikaka hapa lakini hii ya ndoo imenigusa. Ile Oktoba masomo zinafunguliwa, pale wangu walikuwa wanasoma walisema kila mtoto aje na kachupa kake ka klore, ile dawa ya kuua mikrobe, juu maji ya kunawa inaisha mbele ya rekreasyo, na kweli inaishaka, bidoni za kutoka ziwani Kituku mtu anabeba kichwani utanawisha batoto wangapi. Basi mtoto wa shemeji yangu, kijana mkubwa, njo alikuwa anatengeneza hizo chupa usiku, na hakukuwa chupa ingine, alitia mu chupa ya jus, ile yenye iko na picha ya maembe. Asubuhi niko kwa jiko nasikia kikohozi, si kikohozi ya kawaida, kadogo yangu wa miaka tatu mwenye hata hasomi amekamata chupa ya dada yake amekunywa. Mdomo unatoa povu, macho yanatoka machozi, natoka nje napiga yowe, majirani wote wakaja na KILA MTU na dawa yake. Mmoja anasema mpe mawese atapike, mwingine anasema maziwa, mama moja mzee ananipokonya mtoto anataka kumtia kidole kwa koo, mwingine amesimama mbali anasema musimuguse anakohoa ni corona hiyo! Nilimupakata nikapanda pikipiki miguu mitupu, chauffeur hata hakuniuliza pesa.

Yaya wa Himbi
Mungu wangu. Na mtoto???

Mama Ndosho
Yuko. Anasoma wa pili primere saa hii na ana kelele kuwashinda wote.

Papa Mapacha
Mawese kweli inasaidia, nyanya yangu

Muuguzi wa zamu
Papa hapana!! Musidanganye watu. Mtoto akikunywa klore musimtapishe, ile kitu inaunguza ikishuka na inaunguza tena ikipanda. Usimtie mawese. Musukutue mdomo na maji, anaweza kukunywa maji kidogo kidogo kama anameza vizuri, kimbieni kituo cha afya na mubebe ile chupa muwaonyeshe. Na klore ya mikono ni asilimia 0.05, ile ya 0.5 ni ya kusafisha sakafu na choo, inapita mara kumi. Wengi walikuwa wananawisha batoto ile ya sakafu, ngozi inapasuka, tulikuwa tunawaona kila siku.

Mkubwa wa Majengo
Lakini huyo kijana mwenye alitia klore mu chupa ya jus alistahili fimbo.

Mama Ndosho
Kijana alikuwa anasaidia. Masomo njo iliagiza chupa.

Mkubwa wa Majengo
Masomo haikusema chupa ya maembe mama.

Binti Nguba
Yaani wewe leo umeamka na nini?

Mwalimu wa Kadutu
Wazazi, tutulie. Muuguzi, savoni ya kawaida inatosha ao tutafute klore?

Muuguzi wa zamu
Savoni na maji inatosha kabisa, hata savoni ya kufulia. Klore ni pale savoni inakosekana, na itengenezwe mpya kila siku, isikae kwa jua. Tena wa chini ya miaka tano hawakuhitaji maski, muliwafunika bure. Mpox nayo inapita sana kwa kugusana ngozi, basi angalia vipele, na batoto wasishiriki taulo, nguo na matandiko. Mwenye homa na vipele abaki nyumbani, apelekwe kupimwa.

Mtoto wa Birere
Kwetu bibi alikuwa anatufunika blanketi na sufuria ya mvuke wa mikalitusi. Tulikuwa tunapona ao tunaiva, mimi sijui.

Muuguzi wa zamu
Mulikuwa munaiva. Batoto waliletwa wameungua kifua.

Mama wa Katindo
Sawa nimeona. Lakini swali langu ya ndoo hakuna amejibu. Mwenye anajua nani anatoboa ndoo na kutia robine bila ivuje? Ya mwisho niliyonunua Virunga ilimwaga yote mu koridori.

Papa Mapacha
Kuja kwangu, mapacha wanajua. Lakini watakulipisha bombo.