Mtwara: nimeuziwa makasha 32 ya HD DVD, diski zilizokufa tangu 2008. Wauza mitumba ya elektroniki mtujibu

Wakuu, poleni na majukumu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Nianze mwanzo msije mkasema nimekurupuka. Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na kabla hatujakaa sawa intaneti nayo ikaanguka baada ya nyaya za chini ya bahari kukatika. Watoto wangu walishinda wanaitazama televisheni iliyozimwa. Nikaapa korosho zikilipa nanunua filamu za kushika mkononi. Diski ukishainunua ni yako, huombi bando wala mtandao. Deki ya Blu-ray, ile ya diski zenye picha kali kuliko DVD, nilishaipata, ya mtumba lakini nzima. Zilibaki diski.

Malipo ya mnada wa pili yalipoingia nikatoka Mikindani na daladala hadi mjini, kwenye duka moja la mitumba ya elektroniki. Jina silitaji, mwenyewe akisoma atajijua. Nikamwambia waziwazi: nina deki ya Blu-ray, nataka diski za HD, yaani za picha kali. Akavuta boksi chini ya kaunta. Makasha mekundu, masafi, juu yameandikwa HD DVD. "Mjomba, hizi ndizo zenyewe. HD ni HD, zinaingia deki yoyote ya kisasa." Nikasema ijaribu nione. Akachagua moja, akaitia kwenye deki yake ndogo ya DVD pale pale, picha ikatoka. Nikalipa. Diski 32, kila moja 3,000, jumla 96,000. Akaniandikia na risiti kwa mkono: "Diski 32 za HD, deki yoyote."

Hilo jaribio ndilo linaloniuma kuliko pesa yenyewe. Baadhi ya HD DVD zilitengenezwa na pande mbili, upande mmoja HD DVD, upande wa pili DVD ya kawaida. Nilichoonyeshwa dukani ni ule upande wa DVD, picha ile ile tuliyoizoea miaka yote. Usiku nilizipitia zote kwa tochi ya simu, moja moja, nikisoma maandishi madogo yanayozunguka tundu la katikati. Kati ya 32, zenye upande wa DVD ni tano. Tano tu! Na mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye mojawapo ya hizo tano. Huyo mtu alijua anachokifanya.

Nyumbani kwenye deki yangu ya Blu-ray kila diski ni hadithi moja: inazunguka, inanguruma kidogo, inanyamaza, inaandika haisomeki. Nikampigia simu, akaniambia lenzi yangu chafu. Nikamwita fundi, akafungua, akasafisha, 10,000 yangu ikaenda. Hakuna kilichobadilika, na kisingeweza kubadilika hata angesafisha mwaka mzima. HD DVD na Blu-ray zote mbili zinasomwa na leza ya bluu ya nanomita 405, tofauti na ile nyekundu ya DVD, na hapo ndipo watu wanapodanganywa kwamba ni kitu kimoja. Kwenye Blu-ray data imelala milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski. Kwenye HD DVD ipo milimita 0.6 ndani, kama DVD. Hata mpangilio wa data wenyewe ni mwingine. Deki ya Blu-ray haikuundwa kuisoma HD DVD, basi.

Na hii vita ya HD DVD na Blu-ray si siri, iliandikwa dunia nzima. Toshiba na wenzake walikuwa na HD DVD, gigabaiti 15 kwa tabaka moja na 30 kwa mawili. Sony, Panasonic, Philips na kundi lao walikuwa na Blu-ray, 25 na 50. Zote zikaingia sokoni 2006. Kila upande ukajivutia studio zake za filamu, mnunuzi akaambiwa achague upande kama anachagua chama. Sony akaiweka Blu-ray ndani ya PlayStation 3, kwa hiyo mtu akinunua mashine ya gemu anajikuta tayari ana deki. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya Warner wakatangaza wanahamia Blu-ray peke yake. Tarehe 19 Februari mwaka huo huo Toshiba wakatangaza wanaachana na HD DVD. Wiki saba hazikufika! Mwaka uliofuata Toshiba hao hao wakaanza kuuza deki za Blu-ray. Wao walisonga mbele. Waliobaki na makabati ya diski nyekundu kule Ulaya na Marekani wakazitoa nje ya nyumba, na miaka yote hii baadaye zinashushwa kwetu zikiitwa za kisasa.

Haya, sikuishia hapo. Nilirudi dukani na boksi. Jamaa hakubisha, akatabasamu, akaniletea deki ya HD DVD yenyewe: "Mjomba, chukua na hii, mambo yaishe." 120,000. Nililipa kwa sababu 96,000 zilishazama na watoto walikuwa wananisubiri.

Nitasema kweli tupu: ilicheza, na picha ilikuwa nzuri mno. Mojawapo ya zile diski ni filamu ya maisha ya baharini. Baba yangu amevua samaki tangu ujana wake. Alisogeza kigoda hadi mbele kabisa ya televisheni, akawa anagusa kioo kwa kidole anataja: kolekole huyu, chewa yule, mtazame changu anavyojificha. Alikuwa anaona magamba. Mzee hana macho ya mbali tena, lakini siku ile alikuwa anahesabu magamba. Wajukuu wamemzunguka, hakuna aliyenyanyuka hadi mwisho.

Wiki ya tatu deki ikaacha kusoma. Fundi akaifungua mbele yangu, akasema leza imekufa. Kipuri? Akanitazama tu. Nimeulizia Mtwara, nimeulizia Lindi, nimempigia ndugu yangu Kariakoo akazunguka siku nzima. Kitu ambacho aliyekianzisha alikiacha 2008, nani atakuwa na kipuri chake leo? Baba bado ananiuliza wale samaki watarudi lini, nami sina la kumjibu.

Jumla 226,000, nauli sijaweka. Hizo ni korosho za watu, tumeinama mashambani kuziokota.

Kuuza mtumba si kosa, sote tunaishi na mitumba. Kosa ni kumwambia mtu "deki yoyote" huku unajua, na kumwonyesha upande wa DVD ukificha ule mwingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na barua ya Tume ya Ushindani nimeshaiandika, nimeambatanisha picha ya risiti.

Kwa mnaotaka kununua sasa hivi: kasha jekundu lenye neno HD DVD, liache hata ukipewa kwa 500. Kasha la bluu la Blu-ray ndilo la deki za Blu-ray, lakini nalo ligeuze nyuma uangalie herufi ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski ilikusudiwa kuuzwa. Afrika tuko kanda B. Diski iliyofungwa kwa kanda A ya Marekani itakataa kwenye deki ya B. Na usikubali jaribio la kwenye deki ya muuzaji. Beba yako, hata kama ni kwa bodaboda.

Kesho saa tatu asubuhi niko mlangoni kwake na boksi lote, deki na risiti. Nataka 216,000 yangu, ile ya fundi nimeisamehe. Mliouziwa makasha mekundu Mtwara mjini, Masasi, Newala au Lindi, wekeni hapa mlilipa shilingi ngapi na mliambiwa maneno gani. Walio karibu na soko kuu njooni na zenu, nitakuwa na shati la kijani.