Natafuta vitabu vya zamani vya uhandisi wa redio hapa Mombasa, nianzie wapi?

Mjukuu_wa_Fundi
Assalaam alaykum jamaa. Marehemu babu alikuwa fundi redio Majengo. Alipofariki vitabu vyake viliuzwa kwa kilo, wauza njugu wakafungia. Kimesalia kimoja tu, Radio Engineers' Handbook cha Terman cha 1943, pambizoni mna hesabu za babu kwa penseli. Nimekisoma mpaka nikanogewa. Sasa nataka kukusanya vyenzake, hasa Radiotron Designer's Handbook. Wiki tatu nazunguka kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, naona riwaya na vya shule tu. Na hiki nilicho nacho kimeanza kushika ukungu. Nisaidieni.

FundiMstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Huko hutavipata. Vitabu hivi havikukaa rafuni, vilikaa kwenye meza za kazi. Tafuta mafundi wazee, waliosoma MIOME, chuo cha ufundi cha hapa Mombasa, miaka ya 1950 au warithi wao, na waliokuwa maafisa wa redio melini. Hao kazi yao ilikwisha mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura baharini ulipoanza kutumika kikamilifu Februari 1999, wakashuka na masanduku yao. Nenda mwenyewe, unywe kahawa, bei usiitaje siku ya kwanza.

Radiotron aliihariri Langford-Smith kule Sydney. Muulize muuzaji ni toleo la ngapi: la nne, la miaka ya 1950, lina kurasa zaidi ya 1,400. La tatu la 1940 ni jembamba mno, usilipe bei ya la nne.

Binti_Kibokoni
Kaka, ukungu kwanza! Kitenganishe na vitabu vingine. Kikaushe kivulini penye feni, jua litakausha karatasi mpaka zikatike. Kisha toka nje ufute vumbi la ukungu kwa brashi laini. Ukiona vidudu, kifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, ukiweke friza siku kadhaa, na ukitoa usifungue mfuko mpaka baridi iishe. Kabati lisigusane na ukuta, hewa yetu ya bahari haina huruma. Selotepu usiguse kabisa, gundi yake inageuka njano na kula karatasi.

Kilosaikoli
Wakati unatafuta, soma nakala zilizoskaniwa, tovuti ya World Radio History inazo nyingi bure. Utajua ukurasa upi haupo kabla hujatoa pesa. Na usichanganyikiwe na vipimo vya zamani: kilosaikoli, kipimo cha masafa, ndiyo kilohezi ya leo, na mmf, kipimo cha kapasita, ni pikofaradi.

Mjukuu_wa_Fundi
Shukran sana. FundiMstaafu, shikamoo. Jumamosi naenda kwa mzee mmoja Mwembe Tayari, alikuwa melini.

FundiMstaafu
Marahaba. Chukua na hicho cha babu yako. Mafundi wa zamani tulijuana, huenda akautambua mwandiko.